Tusimlaumu Konda, Tuitazame Hesabu

Kila gumzo la usafiri wa Dar es Salaam linapoanza, wa kwanza kusutwa ni konda. Konda hana adabu, konda kamjibu vibaya mama mtu mzima, konda kamzuia mwanafunzi mlangoni akabaki kituoni na begi lake. Dereva naye hasalimiki: anakatisha ruti, anafukuzana na mwenzake, anasimama anapotaka. Nimekulia Mbagala, hayo yote nayajua kwa mwili wangu. Lakini miaka niliyoishi Manchester, Uingereza, imenifanya niamini kwamba tunamwandama mtu asiye na mamlaka juu ya jambo lenyewe. Kinachomwacha mwanafunzi kituoni ni hesabu.

Kwa asiyejua: alfajiri dereva anachukua gari la tajiri, yaani mwenye daladala, usiku anampelekea kiasi walichokubaliana; hicho ndicho kinaitwa hesabu. Mafuta juu yake, faini ya trafiki juu yake. Kinachobaki ndicho anachogawana na konda, na akipumzika kidogo akamwachia gari deiwaka, dereva wa kushikia kwa muda, mgao unapungua tena. Sasa jiweke ndani ya gari hilo saa kumi na mbili asubuhi pale Rangi Tatu, Mbagala. Mwanafunzi anachukua nafasi ya mtu mzima kwa nauli iliyo chini kabisa ya ile ya mtu mzima. Mama mwenye magoti mabovu anapanda polepole, na wakati anashika bomba ajivute, gari la nyuma limeshakupita linakwenda kuzoa abiria wa kituo cha mbele. Mwenye kiti mwendo atahitaji kubebwa, halafu kiti chenyewe kitafutiwe pa kukaa. Konda anayewaacha hao watatu ameshapiga hesabu, na kwa mkataba alio nao hesabu yake ni sahihi. Tunaweza kumpa semina ya huduma kwa wateja kila mwezi. Kesho asubuhi tajiri anadai kilekile.

Tulifikaje hapo? Mwaka 1983, UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, ikiwa imeshindwa kabisa kubeba jiji, serikali iliruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria. Ilikuwa lazima, watu walikuwa wanakwama vituoni. Kilichonishangaza nilipofika huku ni kwamba Waingereza nao waliingia njia inayofanana na hiyo miaka mitatu tu baadaye, na wao hawakulazimishwa na umaskini. Kuanzia mwaka 1986, nje ya London, kampuni yoyote yenye leseni iliweza kujichagulia ruti, nauli na ratiba. Hoja yao ilikuwa kwamba ushindani utashusha nauli na kuleta mabasi mengi.

Mabasi yalikuja kweli, ila yalikwenda kwenye hela. Barabara za Oxford na Wilmslow, zinazotoka mjini kupita vyuo vikuu, zilijaa mabasi yaliyofuatana kama siafu, ya kampuni hii na ile, yakigombea wanafunzi walewale. Mitaa ya pembeni, jioni na Jumapili, ilibaki na basi la kuhesabia. Nilianza maisha hapa kwa kulea wazee, zamu inaisha saa nne usiku. Asubuhi umenunua tiketi ya siku nzima, usiku linakuja basi la kampuni nyingine, dereva anaitazama tiketi yako na kutikisa kichwa. Unalipa tena au unasubiri kwenye baridi. Nilikuwa nasimama pale nikiwaza Mbagala. Sare ya dereva ilikuwa safi, basi lilikuwa na joto la ndani, lakini mantiki ilikuwa ileile: mwenye gari ndiye anayeamua nani abebwe.

Septemba 2023 jiji likaanza kuyarudisha mabasi mikononi mwa umma, kwa awamu, na Januari 2025 eneo lote la Greater Manchester likawa limekamilika. Kampuni binafsi bado zipo, na madereva ni wale wale. Kilichobadilika ni njia ya pesa. Sasa mamlaka ya usafiri ndiyo inayopanga ruti, ratiba na nauli, na nauli inaingia kwake. Kampuni inalipwa kwa kuendesha ruti iliyopewa, na isipoendesha inavyotakiwa inapoteza malipo. Tiketi moja inakuruhusu kubadili basi ndani ya saa moja. Mabasi yanapakwa rangi moja ya njano, hujali tena ni la nani.

Tazama basi hilo likisimama. Kuna mzee mwenye kiti mwendo kituoni. Dereva anashusha basi upande mmoja, anatoka kwenye kiti chake, anafungua ubao wa mlangoni, mzee anaingia na kugeuza kiti kwenye nafasi yake. Dereva anafunga ubao, anarudi, anaondoa gari. Hakuna aliyeguna. Siamini kwamba dereva wa Manchester ana moyo mwema kuliko kijana wa Temeke. Mshahara wake ni wa saa, na zile dakika mbili hazikutoka mfukoni mwake. Mpe yule wa Temeke mshahara wa saa, utamwona akimshika mama mkono.

Na tusijidharau. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza Mei 2016, umejengwa kwa akili ambayo London ingeitamani. Sakafu ya stesheni iko sawa na sakafu ya basi, mwenye kiti mwendo anaingia bila kuinuliwa na mtu. Treni za chini ya ardhi za London zilianza mwaka 1863 na mpaka leo stesheni zake nyingi hazina njia isiyo na ngazi. Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na ilistahili. Kazi ngumu, ile ya zege na fidia na kuchukua barabara kutoka kwa magari madogo, tuliiweza. Tumeshindwa iliyo nyepesi: mabasi ya kutosha yanayokuja kwa wakati. Sakafu iliyo sawa inamsaidia nini mama mjamzito kama mlangoni kuna watu wanaokanyagana, na vijana wanaingilia dirishani? Kule kwetu, zege la barabara ya Kilwa lilitangulia mabasi kwa muda mrefu, tukawa tunalitazama kutoka ndani ya daladala iliyokwama pembeni yake. Jangwani nako mvua ikinyesha kubwa njia inafungwa, jambo linalojulikana na kila mtoto wa jiji hili.

Matokeo ya hayo yote yamepaki nje ya nyumba zetu. Kijana akipata ajira ya maana, kitu cha kwanza ni IST, kale kagari kadogo ka Toyota. Watu wa mazingira wanamwona mtu wa anasa, mimi namwona mtu aliyechoka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 Dar es Salaam, na wengi wao bado wanatembea kwa miguu au wanapanda daladala. Huo ndio usafiri unaochafua hewa kidogo ambao miji ya Ulaya inahangaika kuurudisha. Sisi tunao, na tunawafukuza watu humo kwa mateso. Manchester walikuwa na mpango wa kutoza magari yanayochafua hewa, wakafunga hadi kamera. Watu wenye vigari vya biashara wakapinga kwa nguvu, tozo ikaachwa, fedha zikaelekezwa zaidi kwenye mabasi. Naona walifanya vizuri. Huwezi kumtoza mtu kwa kutotumia basi ambalo halipo.

Najua jibu nitakalopewa: nchi haina fedha. Lakini abiria wa Dar analipa nauli kila siku, taslimu. Swali ni inaingia mkononi mwa nani na kwa masharti gani. Ruti zipo tayari, zimeandikwa kwenye vioo na kupakwa rangi ubavuni. LATRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inatoa leseni na kupanga nauli. Wenye daladala wanaweza kuunganishwa kwenye kampuni au vyama vya ushirika, wakalipwa kwa kilomita walizoendesha kwa ratiba, dereva na konda wakapata mshahara, na hesabu ikafa. Matajiri wengine watapinga, na wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu wamo walimu na askari wenye gari moja lililonunuliwa kwa mkopo.

Kwa njia za mwendokasi za Gongo la Mboto na Tegeta, mbunge wako aulize mambo mawili kabla hajapiga picha mbele ya basi jipya. Mwendeshaji analipwa kwa kilomita au kwa kichwa? Na basi lisipofika, anakatwa kiasi gani? Majibu yabandikwe kila stesheni, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, abiria ayasome wakati anasubiri.