Ngazi ngapi, injinia?

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu barabara moja ya upande wa Kisauni, hapa Mombasa, inayopangiwa kupanuliwa. Mchoro ulibandikwa ukutani kwa selotepu, na kila feni ikigeukia upande ule pembe moja ilibanduka. Njia nne za magari, ukuta wa zege katikati, vituo vya matatu vimetiwa kijani, na kila kitu kimeandikwa jina lake. Pembeni kabisa kulikuwa na ukanda mwembamba wa kijivu usio na jina. Mimi nilidhani ni mtaro. Kumbe ndiyo njia ya miguu.

Bibi mmoja akainuka, beseni lake la samaki limefunikwa leso, liko chini kando ya kiti. "Mwanangu, mimi na beseni langu tutavukia wapi hapo?" Kijana wa mchoro akamjibu kwa adabu zote: "Mama, mtajengewa daraja la juu." Bibi akauliza, "Lina ngazi ngapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Kijana naye akacheka, kisha akachukua swali la mtu mwingine.

Usiku nikakaa na kalamu. Huu ni mji wa bandari, lori la kontena lazima lipite chini ya daraja hilo, kwa hivyo pale chini pataachwa zaidi ya mita tano. Ongeza unene wa daraja lenyewe. Ngazi moja ni kama sentimita 15. Basi bibi atapanda ngazi zisizopungua 40 na beseni kichwani, kisha ateremke nyingine 40, ili afike mahali ambapo angefika kwa hatua thelathini. Baiskeli yangu ndiyo nitaibeba begani. Mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji je? Na mwenye kiti cha magurudumu?

Nasema wazi: daraja la juu hujengewa gari, si mtu. Kazi yake ni kumwondolea dereva sababu ya kupunguza mwendo. Ndiyo maana ukipita barabara kuu ya Nairobi utaona watu wanakatiza chini ya daraja wakiruka ukuta, na sisi tulio ndani ya matatu tunawaita wajinga. Si wajinga. Wamepiga hesabu ileile niliyopiga mimi, ila wao wameipiga kwa magoti.

Hesabu nyingine ni ya mwendo, na hii ndiyo ningependa ibandikwe ukutani kando ya mchoro. Mzee hutembea kama mita moja kwa sekunde. Njia mbili za gari ni mita 7, yaani sekunde 7. Gari la kilomita 60 kwa saa, ndani ya sekunde hizo 7, limeshakula zaidi ya mita 110. Dereva wa kilomita 50, mpaka ashtuke, akanyage breki na gari lisimame, ametumia mita 28 hivi. Wa kilomita 30 husimama ndani ya mita 13. Katika hizo mita 15 za tofauti ndimo mtoto wa shule anapopona au anapokufa. Takwimu za Kenya mwaka baada ya mwaka zaonyesha wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa barabarani, na bado ukanda wao kwenye mchoro hauna jina.

Waswahili wanasema mwenda pole hajikwai. Aliyesema hakuwahi kupita soko la Kongowea saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi huendesha baiskeli kutoka Bakarani hadi Mwembe Tayari. Juu ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, nakutana na watu wanaoingia kisiwani kwa miguu, wengine viatu wamevishika mkononi visichakae. Likoni nako, kwenye kivuko cha feri, hesabu inayotajwa siku zote ni watu kama 300,000 kwa siku na magari kama 6,000. Huu ni mji wa miguu. Wenye magari ni wageni wetu, tena wageni wasiobisha hodi.

Na dawa si ghali. Kivuko kiinuliwe kiwe sawa na njia ya miguu, gari ndilo lipande tuta, si bibi apande ngazi. Katikati pawe na kisiwa cha kupumzikia, mtu avuke upande mmoja kwanza. Kona za makutano zibanwe, maana kona pana humruhusu dereva kukunja bila kugusa breki. Baiskeli nayo ipate njia yenye ukingo wa zege. Rangi peke yake bodaboda wanaiona pambo. Miarobaini ipandwe, jua la Mombasa la saa saba mnalijua.

Hapo hujibiwa kwamba njia za miguu zipo, ila wachuuzi wamezijaza. Ni kweli, na kwenye kabro (matofali ya njia ya miguu) za mjini magari pia hupanda yakaegeshwa, lakini hao hawaitwi wachuuzi. Muuza madafu hukaa pale kwa sababu watu hupita pale. Mchoreeni nafasi yake, mita moja na nusu tu nyuma ya njia.

Kisha kuna ile ya mamlaka kurushiana jukumu. Sheria ya 2007 iligawa barabara kwa mamlaka tatu za kitaifa, na Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao, taa za mitaani na maegesho. Sawa. Lakini mguu haujui mpaka wa mamlaka. Najua mahali njia ya miguu inakwisha ghafla kwenye nguzo ya taa, mbele ni mtaro ambao mifuniko yake miwili imeibwa. Kila nikiuliza, naambiwa mwenyewe ni yule mwingine.

Nairobi ilipitisha sera ya watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli 2015, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri. Kuahidi si kutenda, lakini angalau mwananchi wa kule ana karatasi ya kushikia.

Sisi karatasi yetu ilikuwa ile fomu ya mwisho wa kikao. Bibi hakuja na miwani, akaniomba nimjazie. Swali la tatu: unatumia chombo gani? Visanduku vitano: gari binafsi, matatu, tuktuk, pikipiki, lori. Nikamsomea vyote. Akanitazama. Nikachora kisanduku cha sita pembezoni, nikaandika "miguu", nikatia tiki. Akaniambia, "Na hapo chini andika: ngazi ngapi."