Wenye ziwa wana haja gani na kunasa mvuke?

Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipopewa Nobeli ya Kemia ya 2025 kwa fuwele zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, habari iliyovuma ni kwamba fuwele hizo hukamua maji hewani. Kwa mtu wa Kisumu, hicho ni kichekesho: tuna ziwa zima hapa, hewa ya nini?

Kichekesho hicho kina hesabu nyuma yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 hubeba gramu 14 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Mtungi wa lita 20 utadai mita za ujazo 1,400 na zaidi za hewa, tena zikamuliwe hadi tone la mwisho. Heri pesa hizo ziende kwenye mabomba na klorini. Jangwa la Arizona, ambako kundi la Yaghi lilijaribu kifaa chake, lina shida zake.

Lakini kinachonasa mvuke huacha nyuma hewa kavu, na hewa kavu ndiyo adimu kwetu. Chukua mama wa Vihiga anayeweka mbegu za mboga za kienyeji: managu, saga na mrenda. Ataanika atakavyo; mbegu haikauki kupita hewa iliyoizunguka, na msimu wa mvua hewa yenyewe imelowa. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya Harrington: kila asilimia moja ya unyevu inapopungua, maisha ya mbegu ghalani huongezeka takriban maradufu. Kutoka asilimia 12 hadi 8 ni mara 16. Kata makadirio hayo kwa nusu, ukipenda kata tena. Bado ni tofauti ya mbegu inayoota na ile inayooza shambani baada ya msimu mmoja.

Kazi hiyo haihitaji hata fuwele za Nobeli. Shanga za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vinavyonasa maji, zilizojulikana zamani, hufungiwa na mbegu kwenye chombo kisichopitisha hewa. Dondoshea shanga kavu maji kidogo kiganjani: zitapata moto papo hapo, ishara ya jinsi zinavyoyavuta. Kilo 10 za mbegu kutoka asilimia 12 hadi 8 zina maji ya gramu 435 ya kutoa, na kilo 2 na ushei za shanga zinatosha.

Kwa mahindi, wanaosema shanga hazifai wameshinda. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likishushwa hadi 13.5 inayotakiwa na Bodi ya Nafaka, hutoa kilo 4.7 za maji. Shanga hunasa kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo gunia moja lingetaka kilo 23. Hapo turubai na mashine ya kukaushia havina mpinzani. Menengai, Nakuru, tayari kuna kikaushio cha nafaka kinachotumia joto la ardhini, na hilo naliunga mkono kabisa.

Kinachobaki ni kuzikausha shanga zenyewe, maana zeolaiti hudai nyuzi 200 na zaidi. Fuwele mpya za aina ile ya Nobeli, kama MOF-303 ya alumini, huachia maji kwa joto la chini zaidi, hata la jua, ila hazijafika duka la pembejeo. Kwa chama cha wakuza mbegu, tanuri la mwoka mikate wa Luanda, mji wa Vihiga, linatosha, mikate ikishatoka.