Chura ana tenki, mimi naoga na kopo

Jamani mimi sina ugomvi na chura. Chura hajanikopa hela wala hajanisema vibaya kwa watu. Ila nataka mtu anieleze inakuaje nyumba moja hapahapa Goba, binadamu tunaoga kwa kupimiana makopo, halafu vyura wana tenki lao.

Aliyeleta haya ni mpwa wangu, anasoma chuo kikuu cha kilimo, SUA, pale Morogoro na ada nachangia mimi, kaja likizo. Tulikua na tenki la lita 1000 limepasuka kwa juu, mi nishalipigia hesabu, wale jamaa wa plastiki chakavu wakipita na mzani wao napata hata ya vocha. Dogo kaliona tu, "Mjomba usiuze hili, tutengeneze makazi ya viumbe wa majini." Nikamwambia viumbe wa majini wana bahari nzima pale Kunduchi, huku Goba wanafuata nini? Mama watoto akadakia mwache mtoto, hayo ni masomo. Na humu ndani kitu kikishaitwa masomo mi kauli sina tena.

Wakalikata na msumeno, wakachimba shimo palepale kwenye mchicha wangu, wakalifukia nusu. Chini mchanga na kokoto, udongo wa bustani hautakiwi eti una mbolea, maji yatageuka kijani. Kisha ubao umelazwa kutoka majini mpaka ukingoni. Nauliza wa nini, naambiwa wa kutokea, chura akikosa pa kupandia anachoka anakufa maji. Chura! Kufa maji! Ada yangu hiyo inaongea. Nikasema basi na mimi nichangie wazo, tuweke magugu maji si yanaota haraka, nikakatwa jicho utasema nimetukana ukweni, kumbe ndo yale yanayowatesa wavuvi Ziwa Victoria. Wakaenda bondeni wakaleta yungiyungi.

Haya, maji sasa. Ya bomba yana klorini, mpaka yakae wazi kwanza ndo viumbe wastahimili, ya mvua ndo mazuri. Kwa hiyo gata niliyofunga kwa hela yangu saa hizi inamwaga kwa vyura, sisi tunasubiri mgao, na mgao wenyewe mnaujua, bili inafika kabla ya maji.

Jirani wa nyuma nae kaenda kwa mjumbe kusema tunafuga mbu. Na hapo nilimuelewa, Dar hii dengi ya 2014 na ya 2019 hatujaisahau. Mjumbe kaja kanuna, dogo akamuweka kwenye kiti akamshushia somo, kwamba mbu kutoka yai mpaka aruke anataka kama wiki hivi au zaidi kidogo, na humo kuna perege wadogo wanakula viluwiluwi vyake kabla havijaota mbawa, halafu watoto wa kereng'ende nao wanaishi majini na kazi yao ni hiyohiyo. Mjumbe alitoka pale anacheka, kaomba perege wakikua akumbukwe.

Hata mimi nilikua nimeshawakumbuka. Perege wamenenepa, nikauliza kiungwana tu lini tunakaanga, naambiwa hawaliwi hao ni wafanyakazi. Sawa. Juzi yangeyange katua asubuhi kala wawili mbele ya macho yangu, natafuta jiwe, nazuiwa, eti yule ni sehemu ya mfumo. Yangeyange asiyelipa hata umeme wa hapa ndo yuko kwenye mfumo, mi mwenye nyumba siko!

Usiku ndo usiseme. Madume yanaita majike mpaka alfajiri, na yanaitikiwa. Nikasema hawa watafutiwe pa kuhamia, dogo akanipa stori ya vyura wa Kihansi kule Udzungwa, bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko yao, mwaka 2000 karibu vyura 500 wakapandishwa ndege mpaka New York, Bronx Zoo, wakalelewa huko, 2010 wakaanza kurudishwa Tanzania na 2012 wakaachiwa kwao Kihansi. Chura mwenyewe wa sentimita mbili hivi! Kapunguziwa maji kapelekwa Marekani. Mimi yanakatwa kila wiki na hakuna aliyewahi kunifikiria hata tiketi ya basi la Chalinze.

Jana bomba kavu tena, nikachukua ndoo nichote kwenye tenki angalau ya chooni, binti yangu wa darasa la pili akatanda mikono, "Baba usichote, kuna mayai!" Nikabeba madumu nikaenda kupanga foleni kisimani kwa watu, jua la saa saba, nanunua kwa hela. Zamu yangu inakaribia simu ikaita, mama watoto, sauti tamu kabisa, "Baba nanihii, ongeza dumu moja hapo, maji ya vyura yameshuka."