Ngoma ya Ulyankulu ni ya nani?

Mwaka jana nilikaa kwenye kikao cha kuandaa tamasha dogo la utamaduni hapa Tabora. Vikundi vikatajwa kimoja kimoja: manyanga na hiari ya moyo, ngoma za Kinyamwezi, kisha Wagalu na Wagika, vikundi shindani vya ngoma vya Kisukuma. Ilipofika zamu ya wapiga ngoma kutoka Ulyankulu, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi hapa mkoani, mzee mmoja ninayemheshimu, na mkono wake kwenye ngoma hauna mfano, akaomba hao wawekwe mwisho, upande wa wageni waalikwa. "Ile ni ngoma ya Warundi," akasema. "Tukichanganya, wajukuu hawatajua kipi ni kipi." Hakuna aliyembishia. Mimi nami nilinyamaza, na hadi leo ukimya ule unanikera.

Mzee ana hoja, tena nzito. Nyimbo za kulima za Wanyamwezi zilikuwa na beti nyingi, na ndani yake mna majina ya watemi, mafumbo, na Kinyamwezi ambacho kijana wa mjini hakipati tena. Leo kikundi kikipewa dakika tano jukwaani, kinabakiza kiitikio, kinaweka Kiswahili kidogo ili mgeni rasmi aelewe, basi. Mtoto anatikisa manyanga vizuri kabisa lakini hajui anachoitikia. Hilo ni pengo, na anayelilia halii bure.

Lakini aliyekata beti zile si Mrundi. Beti zilikuwa ndefu kwa sababu shamba lilikuwa kubwa na watu walilima kwa pamoja, jembe likipanda na kushuka na wimbo. Kazi ile ya ushirika ilipopungua, wimbo ukakosa mahali pa kukaa. Ungewaondoa wahamiaji wote mkoani kesho asubuhi, beti zisingerudi.

Na hiyo "ya kwetu" tunayoilinda, tuiangalie vizuri. Mnyamwezi wa karne ya 19 alikuwa mtu wa safari. Alibeba pembe hadi Bagamoyo, akarudi na vitambaa na shanga, na masikio yamejaa nyimbo za watu wengine. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera, akaanzisha wimbo, msafara mzima ukaitikia nyuma yake. Hapa Unyanyembe wakakaa watu wa pwani, Wamanyema na Waarabu. Wakati wa vita ya 1914–1918 askari na wapagazi waliisambaza beni bara, nayo ni ngoma iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na baadaye magitaa yakapiga hapa kwa mkondo wa Kongo. Tabora Jazz, fahari yetu kabisa, mtindo wake iliuita Segere Matata, na segere ni ngoma ya pwani. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akitaka Tabora Jazz iwekwe upande wa wageni.

Turudi Ulyankulu. Wale watu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Uraia wa Tanzania walipewa mwaka 2014, wao na wenzao wa makazi ya Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 162,000 kwa jumla. Hesabu miaka iliyo katikati: 42. Mtoto aliyevuka mpaka mgongoni mwa mama yake alipata karatasi akiwa mtu mzima mwenye watoto wa kuoza. Katika miaka hiyo alilima tumbaku, alikesha kwenye bani la kukaushia tumbaku akichochea moto, alizika, aliozwa, na kila mara palipigwa ngoma. Ngoma ya nani, hiyo? Mti ulikatwa katika miombo ya hapa. Ngozi ni ya ng'ombe wa hapa, huenda alinunuliwa kwa Msukuma jirani. Ikiwa miaka 42 ya harusi na misiba haitoshi kuifanya ngoma kuwa ya mahali, basi itoshe mingapi? Swali hilo nimelibeba tangu siku ya kikao na bado sijapata wa kunitajia idadi.

Nimewahi kusimama karibu nao harusini, hatua tatu tu. Ngoma ni gogo lililotobolewa, kimo chake hadi kiunoni, ngozi imebanwa kwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo. Ngoma kuu, inkiranya, inakaa katikati, mpigaji wake ndiye anayeongoza na kurukaruka. Ngoma ziitwazo amashakwe hazibadiliki, zinashikilia mdundo uleule. Nyingine, ibishikizo, zinamfuata wa katikati. Siku hiyo bibi mmoja wa Kinyamwezi aliyekuja kwa upande wa bwana harusi aliingia uwanjani na njuga miguuni, akatafuta pa kuingilia, akapapata kwenye amashakwe. Mpigaji wa katikati akamtazama miguu, akapunguza mwendo, akamsubiri. Vigelegele vikapasuka pande zote. Hapo kilichoharibika ni nini?

Ni haki kusema kwamba nao wamepoteza. Kule kwao Burundi ngoma hiyo ilikuwa ya mwami, yaani mfalme, ikipigwa kwa mambo mazito kama sherehe ya umuganuro ya kuanza kupanda mtama. Huku inampokea mgombea ubunge. Mwaka huohuo wa 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri kwamba wanawake wasiipige. Naelewa hofu iliyo nyuma ya amri kama hiyo, maana ndiyo hofu ya mzee wangu: kitu kitakatifu kisishikwe ovyo. Ila sioni jinsi amri inavyomfanya kijana aijue maana ya mdundo. Maana anaifundisha aliyekaa naye.

Kikao kijacho nitapendekeza mambo mawili. Wazee wa manyanga warekodiwe nyimbo zao beti zote, bila kukatwa dakika, pamoja na maelezo ya maneno magumu, na mzee wangu awe wa kwanza. Na wale wa Ulyankulu waandikwe chini ya wilaya yao, Kaliua, mahali pao palepale kwenye orodha.