Mwizi wa Saa Nne

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti ya WhatsApp ya dakika nne, ya siku niliyomsaka mwizi wa umeme wangu wa sola, naomba mnisikilize mwenyewe. Rafiki yangu yule wa kliaringi, anayewatolea watu mizigo forodhani, hakuwepo. Alifika mwishoni, watu wakiokota samaki, na huo mwanzo wote anaousimulia aliutunga akiwa juu ya boda. Sikulia. Sikuanguka kwenye ngazi. Na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chetu, hakunichapa na mukene (dagaa) usoni, alikuwa anajikung'uta tu.

Mengine ni kweli.

Mnaonifuata hapa mnaujua ugonjwa wangu. Tangu nifunge sola nimewachosha na picha za grafu. Paneli nne za wati 400, inveta, betri ya lithiamu, na programu kwenye simu ambayo naifungua asubuhi kabla sijanawa uso. Mke wangu ananiita Waziri wa Nishati, na si kwa heshima. Nyumbani kwangu pasi inapigwa saa sita mchana, pampu ya maji saa saba, na anayewasha birika la umeme usiku anajitafutia maneno. Lakini nina hoja! Betri ikijaa mchana na hakuna kinachotumika, inveta inapunguza uzalishaji, jua lote lile linaishia kuchemsha mabati. Afadhali linyooshe suruali. (Haya, endeleeni kucheka, nyie mnaonunua umeme wa Yaka wa elfu tano tano.)

Basi wiki tatu zilizopita grafu ikaota shimo.

Siku ya jua zuri hapa Busia ya Uganda grafu yangu ni kilima. Inapanda taratibu, inafika wati 1,200 hivi, inashuka jioni. Sasa kila siku, ikifika saa nne na kidogo, kilima kinakatika kama kimeng'atwa na fisi. Kinatambaa chini huko hadi saa nane, halafu kinainuka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Ikifika saa tisa usiku betri iko chini ya asilimia 20, inveta inalia pii, pii, pii, mtoto anaamka, na nyumba nzima inajua kwamba Waziri ameshindwa kazi.

Ndiyo, mtoto. Mke wangu alijifungua wiki tatu zilizopita, na mama yake akaja kumlea mzazi.

Wiki tatu. Wiki tatu. Najua nyie mmeshaunganisha. Mimi nilikuwa na chati.

Wanaojua mila za huku watanielewa. Mkwe na mama mkwe hawakutani hovyo. Mama alipofika akachukua jiko na uani, mimi nikachukua sebule na mlango wa mbele. Yeye akikohoa, mimi nageuza njia. Mimi nikisafisha koo, yeye anajifunika leso na kupotea. Wiki tatu sijakanyaga uani kwangu, na nilijiona mkwe wa mfano. Sasa paneli ziko wapi? Juu ya paa la jiko, uani, zimeinamia upande usioonekana kutoka barabarani.

Nilichunguza lakini, msinidharau. Kwanza nilishuku vumbi, maana malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanatupaka wekundu mpaka kwenye kope. Nikamtuma kijana akazisafishe saa kumi na mbili asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, maana maji baridi kwenye kioo kilichochemka yanaweza kukipasua. Akarudi akasema, "Mzee, zimetakata, ila zinanuka samaki." Nikamwambia huyo ni kaloli, yule ndege mkubwa anayekula takataka, atakuwa analala pale juu. Nilimweleza kwa kirefu habari za kaloli. Kijana akaitikia "ndiyo, mzee" na macho yake yakawa yanaangalia jikoni.

Nikahamia kwenye joto. Paneli hazipendi joto: kila nyuzi moja juu ya 25 inakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu, na juu ya mabati zinafika 60 bila shida. Nikapiga hesabu, nikapata hasara ya kama asilimia 14. Mimi nilikuwa napoteza robo tatu. Nikahamia kwenye kivuli cha mwembe, maana seli za paneli nyingi zimegawanywa mafungu matatu, na jani moja likitua pabaya linaweza kuliangusha fungu zima. Lakini mwembe tuliukata mwaka jana.

Ndipo nikamsikia jirani yangu Fundi. Yeye ni mchomeleaji, anatengeneza milango na madirisha. Anawasha mashine yake saa nne. Anaizima saa nane, akale. Na kutoka kwenye paa langu kuna waya mweusi unaoruka ukuta na kuingia kwake.

Jamani. Nilipiga mstari mwekundu kwenye chati mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Juzi Jumamosi nikamwita mwenyekiti wa LC1. Nilitaka Fundi afumaniwe mchana kweupe, tena kwa takwimu. Mwenyekiti akaja na katibu wake, katibu akaja na daftari, na nyuma ya daftari wakaja watu wote wasio na kazi Jumamosi. Tulisimama kichochoroni upande wa Fundi, chini ya ukuta. Fundi mwenyewe akatoka na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, akasalimia kila mtu, akauliza kama kuna msiba.

Nikainua simu. Saa nne kasoro dakika tano: wati 1,180. Nikamwonyesha mwenyekiti. Betri asilimia 41, yaani bado ina njaa, haina sababu ya kukataa umeme. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nasema kweli, hata mama mmoja wa njugu aliacha kupima akanisikiliza. Programu yangu inaleta namba mpya kila dakika tano, kwa hiyo tukasubiri.

890.

"Mmeona?" nikasema. "Ameanza!"

Watu wakamwangalia Fundi. Fundi akajiangalia. Mashine yake ilikuwa imezimwa, tunaiona pale mlangoni, waya wake umekunjwa juu yake kama nyoka aliyeshiba. Mtu mmoja akasema, "Lakini yuko hapa na sisi." Nikasema ana kijana ndani. Katibu akaandika: ana kijana ndani.

Dakika tano. Watu wakanunua njugu.

590.

"Ananyonya!" nikapaza sauti. Upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu anasafisha koo, koho koho, na mimi kwa adabu zangu nikasogea hatua mbili mbali na ukuta. Naomba mlitazame hilo. Namba inashuka mkononi mwangu, sababu yake inakohoa mita tatu kutoka sikioni mwangu, na mimi naipisha kwa heshima.

Dakika tano nyingine. 300.

Mnaojua sola mmeshapiga kichwa ukutani. Kutoka 1,180 kila mara inapungua robo. Robo, robo, robo. Paneli nne zilizoungwa mfululizo: ukifunika moja, umeme unairuka, unapoteza robo yako. Mwizi gani anaiba kwa kipimo cha paneli? Mkusanyiko mzima ule, na Waziri wa Nishati akiwa ndani yake, hakuna aliyeliona hilo.

Mwenyekiti akasema tukague ule waya juu. Nikauliza nani ana ngazi. Fundi akasema, "Ninayo, jirani." Akaileta mwenyewe, akaiegemeza ukutani, akanishikia miguu ya ngazi ili nisianguke wakati nakwenda kumtia hatiani. Kibinadamu pale ningeghairi. Nikapanda.

Vipago saba. Cha tano nilianza kusikia harufu. Cha sita nikamkumbuka kaloli. Cha saba kichwa changu kikatokeza juu ya ukuta, usawa wa paa la jiko, na macho yakanitazama.

Si mawili. Maelfu. Mukene wabichi wa Majanji, kule ziwani, wadogo kama vidole vya mtoto, wamepangwa kwenye paneli zangu safu kwa safu, wanameta kwa fedha, kila mmoja na kijicho chake cha mviringo, wote wananishangaa. Paneli ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu imejaa mpaka kwenye fremu. Yule fundi aliyenifungia sola aliniambia sisi tuko karibu na ikweta, mwinamo mdogo unatosha, mradi mvua ipate kuosha vumbi. Hakuniambia kwamba unatosha pia samaki wasiteleze.

Na kwenye ya nne ulikuwepo mkono.

Mkono wenye bangili ya shaba, unapanga samaki polepole, kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Nikaufuata mkono. Bega. Leso. Mama mkwe wangu, amesimama juu ya meza yangu ya kulia, beseni ubavuni, kati ya uso wake na wangu haizidi mita moja na nusu.

Tukatazamana.

Wiki tatu za adabu zikaenda na maji. Mimi nikajifunika uso kwa simu. Simu inaonyesha 300. Yeye akavuta leso kichwani kwa mkono ule ule ulioshika beseni, na beseni likapinduka. Samaki waliruka ukuta. Niliwasikia wakitua kwenye daftari la katibu, na kwenye koti la mwenyekiti, na kwenye miwani ya Fundi, ting, ting, ting.

"Unaona nini, jirani?" Fundi akauliza kutoka chini, bado ameshikilia ngazi.

Nikanyamaza. Akauliza tena.

"Samaki," nikasema.

Katibu akaandika.

Kisha ukimya, halafu sauti kutoka nyuma ya ukuta. Mama hakusema na mimi, Mungu ambariki, hata pale alishika mila. Alisema, "Mwenyekiti, mwambie mwenye nyumba asikanyage samaki wangu." Mwenyekiti akaniinulia uso, samaki mmoja begani, akasema, "Anasema usikanyage samaki wake." Nikasema, "Mwambie sikanyagi, Mama." Mwenyekiti akageukia ukuta: "Anasema hakanyagi." Mama: "Mwambie kwenye mchanga wanashika changarawe, watu hawanunui. Hapa juu ni safi, hakuna paka, hakuna kuku, na kioo kinapata moto chini." Mwenyekiti akaanza kunieleza, akasita, akasema, "Hilo hata mimi naliona ni la maana." Watu wakaitikia. Mama wa njugu akauliza bei ya kikombe.

Nikiwa bado juu, nikaona nishike kilichobaki. "Na huu waya je?"

"Wa antena," Fundi akasema. "Uliniomba mwenyewe nikuvutie, Kombe la Dunia la 2022. Nilikwambia ukimaliza uutoe."

Yaliyofuata ni mafupi. Kreti ya soda kwa Fundi, jogoo kwa mwenyekiti na koti lake kupelekwa kufuliwa. Kuna mbuzi pia wa kusafisha yale macho tuliyotazamana, mke wangu analishughulikia, ila kila akianza kulizungumza anacheka mpaka mshono unamuuma. Fundi amemtengenezea mama chanja ya wavu wa chuma, miguu mirefu, na amenitoza bei kamili bila kupunguza hata mia. Rafiki wa kliaringi anawauzia madereva wa malori "mukene wa sola", na hanipi kitu.

Leo asubuhi nilifungua programu. Kilima kizuri, 1,200 na ushee, nikapiga picha niwatumie. Saa nne na robo ikashuka mpaka 900.

Sikupanda popote. Nilimwandikia mwenyekiti, nikamwomba aulize. Baada ya nusu saa akanijibu: "Anasema hizo ni nguo za mtoto, zitakauka saa sita."