Nilivyofungiwa stoo na maiki

Mimi ni mpiga solo wa bendi. Nimekulia kumbini, nimepiga gitaa huku walevi wananimwagia bia kwenye waya, na miaka yote hiyo ngoma ndiyo iliyonifuata mimi. Sasa Februari moja, joto lile la Dar la kukaanga watu, dogo mmoja prodyuza wa Sinza akanipigia simu: "Shikamoo mzee. Kuna dada ana wimbo wake, anataka gitaa kavu humo ndani. Elfu sitini, kazi ya saa moja tu." Niliingia saa tisa alasiri, nikatoka saa mbili usiku.

Studio yenyewe ni chumba na stoo. Chumbani kuna sofa, laptopu, spika mbili na televisheni kubwa ukutani ambayo dogo anaitumia kama skrini. Stoo ndiyo ya kurekodia. Kuta zimebandikwa vipande vya godoro, juu yake trei za mayai. Dogo mwenyewe alinong'ona kwamba trei hazizuii kelele za jirani hata kidogo, ila mteja asipoziona haamini kama kaingia studio. Feni marufuku, maiki inainasa. Simu marufuku. Na mlango kwa ndani hauna kitasa: dogo aliking'oa kwa sababu kila besi ikigonga kilikuwa kinatetemeka. Lile tundu nililiona kwa macho yangu, nikapita.

Akanivisha hedifoni, akaniwekea kliki. Usiyeijua, ni mlio wa ko-ko-ko-ko masikioni unaokuhesabia mapigo, ili kila atakayerekodi baada yako naye akae humo humo. Kwa watoto wa siku hizi ni uji na mgonjwa. Sisi wa bendi tukifika kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu, tunakimbia kidogo, damu inachemka. Kliki haina damu.

"Mzee, umeikimbia." Narudia.

"Mzee, sasa umeiacha." Narudia.

Wakongwe waliorekodi Redio Tanzania miaka ya 1970 walikuwa wanaingia bendi nzima, wanapiga kwa pamoja. Mpuliza tarumbeta akiteleza, wote mnaanza upya, lakini aibu mnagawana. Humu aibu yote ilikuwa yangu, na mashahidi wawili nje: dogo, na yule dada mwenye wimbo, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, anayejilipia kila kitu mwenyewe na hataki mchezo na hela yake. Sauti yake ya mfano niliwekewa masikioni iniongoze. Kila ikifika kwenye kiitikio, pale juu, meno yalikuwa yananiuma.

Mara ya tisa, katikati ya chemko, giza. Hedifoni kimya. Nikasikia kwa mbali dogo anapiga kelele, "Luku imeisha!" kisha viatu, kisha mlango wa nje. Dada naye alishatoka zamani kutafuta upepo.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa muungwana. Niliita, "Dogo!" Niligonga. Nikavua shati. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtandao wa simu ulikuwa umegoma, dogo akakimbilia kwa wakala, akarudi na tarakimu zake 20 kwenye kipande cha karatasi, akakosea moja, akarudi tena kwa wakala akidhani kauziwa namba feki. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni godoro, giza na jasho. Nikavua na suruali.

Ndipo nikaanza kusema. Mtu ukiwa peke yako gizani na bukta unasema mengi. Nilisema kliki ya dogo inanigonga kichwani kama fundi bati. Nilisema kwa elfu sitini nimefungiwa kama kuku wa sikukuu. Nilisema, na hapa naomba mnisamehe, kwamba dada sauti anayo, lakini akipanda pale juu ni mlango wa stoo usiotiwa mafuta tangu Uhuru. Nikaongeza kwamba kosa hata si lake, dogo kaweka wimbo juu mno, ukishushwa sauti mbili mama wa watu ataimba kama asali, lakini nani anamuuliza mzee?

Nilipomaliza kusema nikachukua gitaa, nikaupiga wimbo wote nilivyoona mimi ungefaa: chini sauti mbili, taratibu, kidole gumba kikigonga ubao, chemko ikikimbia inapotaka.

Umeme ukarudi. Mlango ukafunguliwa, na dada akawa wa kwanza kuniona. Gitaa nililishusha haraka mahali pa kusitiri.

Nimevaa, natafuta maji ya kunywa, namsikia dogo anasema, "Heh! Mbona hii haikusimama?"

Jamani. Laptopu ina betri. Kile kiboksi kinachopokea maiki kinakula umeme wa laptopu hiyo hiyo kwa waya wa USB, na chenyewe ndicho kinachoipa maiki volti 48 zake. Umeme wa ukutani uliua televisheni, spika na ile mashine ya kugawia hedifoni, basi. Maiki yenyewe ilikuwa macho muda wote, ikinisikiliza kama mama mkwe.

Kwenye televisheni yakatokea mawimbi. Kushoto gitaa langu la mara ya tisa. Kulia kabisa mlima mrefu, gitaa la gizani. Katikati vichuguu vidogo vidogo, vingi, vimejipanga. Vile vichuguu nilivijua kimoja kimoja.

"Dogo, anzia pale kulia," nikamwambia. "Pale ndipo penye utamu."

"Ngoja tusikilize mwanzo, mzee, nisije nikakata kitu kizuri."

"Hakuna kitu kizuri hapo katikati."

"Mbona mzee una haraka?" dada akauliza. "Mwache afanye kazi yake."

Tukasikiliza vyote. Fundi bati, kuku wa sikukuu. Kilipofika kichuguu cha mlango wa stoo dogo akaanza kukohoa, akainama chini ya meza kana kwamba kuna waya umechomoka. Mimi nikasoma trei za mayai. Zile za ukuta wa kulia zilikuwa 14.

Dada hakucheka. "Rudisha hapo," akasema. Dogo akarudisha. Mlango wa stoo, mara ya pili. "Endelea... simama. Sauti mbili chini ndiyo nini?"

Nikamwonyesha kwenye gitaa. Akaimba kiitikio palepale sofani, na kwa haki ya Mungu dogo alitoka chini ya meza. Kliki ikafutwa. Dogo akakaa hadi usiku anasogeza ngoma pigo kwa pigo zifuate gitaa la gizani, na kila nilipokimbia akakimbia na mimi, huku ananiuliza, "Hapa mzee ulitaka nini?" Gitaa lililobaki kwenye wimbo ni lile la bukta.

Saa mbili dada akafungua pochi, akanihesabia. Nikahesabu na mimi. Elfu hamsini.

"Mama, tulisema sitini."

"Ndiyo, mzee wangu," akasema, anafunga zipu. "Hiyo kumi nakwenda kununua mafuta ya mlango."