Ngano ipimwe kwenye chapati

Mwezi wa nne nilimgombeza binti anayenisaidia kazi, na nilimgombeza bure. Nauza chapati na maandazi Igoma, hapa Mwanza. Alfajiri ile maandazi yaligoma kuumuka. Yalitoka kwenye karai yamelala, mazito, yamenyonya mafuta mpaka gazeti nililoyawekea likalowa. Nikasema hamira imechakaa, kisha nikasema maji yalikuwa ya moto mno, mwisho nikamwangukia yeye. Kesho yake nikakanda mwenyewe, kwa hamira mpya na maji ya vuguvugu. Yakalala vilevile.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kilimo Morogoro na alikuwa nyumbani likizo. Akaniambia, "Shangazi, lete bakuli." Akakanda donge la unga ule, ukubwa wa yai, bila chumvi wala mafuta, akaliacha lipumzike nusu saa, kisha akaliosha taratibu kwenye maji kama mtu anayefua leso. Maji yakawa meupe kama tui. Ile ni wanga inayoondoka. Kilichobaki kiganjani kilikuwa kitu kama ulimbo, cha kijivu, kinavutika. Ndiyo gluteni. Tukarudia kwa unga wa kiroba cha mwezi uliotangulia uliokuwa umebaki kwenye ndoo. Donge la ule wa zamani lilikuwa kubwa, ukilivuta linarudi. La kiroba kipya lilikuwa dogo, limelegea, ukilivuta linakatika vidoleni.

Viroba vyote viwili vilikuwa na jina lile lile na bei ile ile.

Tangu siku ile nimekuwa nikimuuliza kijana maswali mpaka amechoka. Gluteni inatokana na protini za aina mbili: glutenini inaupa unga nguvu, gliadini inaufanya uvutike. Mkate wa boflo unataka nguvu nyingi ili usimame. Biskuti inataka kidogo sana. Chapati iko katikati, na hili nililijua kwa mikono kabla sijajua majina yake: gluteni ikiwa kali mno, unasukuma chapati na yenyewe inajivuta inarudi kwenye kibao, ikiwa hafifu, inachanika ukiinyanyua, na ikipoa inakuwa kama ngozi kavu.

Lililonishtua zaidi ni jinsi mbegu zinavyochujwa. Kutoa mbegu mpya ya ngano, toka kuchanganya mbegu mama na baba hadi mkulima aipate, kunaweza kuchukua miaka 10. Miaka ya mwanzo mtafiti ana maelfu ya aina za majaribio, na kila moja ina punje za kujaza kiganja tu. Hawezi kuoka chochote. Kwa hiyo anasaga gramu chache, anatikisa unga kwenye kimiminika ndani ya neli, anaangalia mashapo yanasimama kimo gani. Yakisimama juu, gluteni ina nguvu. Sasa jiulize: kama lengo lililowekwa ni mkate wa kiwandani, mbegu ambayo ingetoa chapati safi inatupwa mapema kabisa, na hakuna mtu atakayejua kwamba ilikuwepo.

Ndiyo maana nasema kazi hii iwe ya vyuo vikuu vya umma na vituo vya serikali, na chapati iandikwe kwenye malengo toka mwanzo. Ngano hujichavusha yenyewe, mkulima anaweza kutunza mbegu zake akapanda tena msimu ujao, tofauti na mahindi chotara. Kampuni ya mbegu haioni faida kubwa hapo. Na si kwamba vyuo vya kwetu haviwezi. Aina ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikatisha dunia nzima; mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret, cha umma, hapo Kenya, kikatoa Eldo Ngano 1, mbegu iliyopatikana kwa kupiga punje mionzi, inayostahimili kutu hiyo. Lakini kutu mkulima huipigia kelele. Ubora wa unga hauna wa kuupigia kelele, kwa sababu mama wa chapati hakutani na mtafiti.

India wanaipima ngano yao kwa chapati. Mbegu yao ya C 306 ni ya siku nyingi na mavuno yake ni madogo, lakini bado ndiyo wanayolinganishia chapati nzuri. Hata hivyo alama wanazoipimia chapati hatuwezi kuziazima tu. Chapati yao ni ya unga usiokobolewa, yetu ni nyeupe, inapakwa mafuta na kuviringishwa iwe na matabaka. Inahitaji kipimo chake.

Najua nitaambiwa ngano hailimwi Mwanza. Kweli, hapa ni joto, ngano yetu iko Hanang, Karatu na nyanda za juu kusini, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini inatoka nje. Lakini sisi ndio tunaoila. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, wapakizi wa dagaa wanashushia chai kwa chapati. Isitoshe, Wasukuma hatufundishwi jambo hili upya. Baba yangu alilima pamba Misungwi, mbegu ya UK 91, na hiyo UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti cha hapo hapo jirani. Watafiti wa Ukiriguru hawakuishia kuhesabu kilo za pamba. Walipima urefu na nguvu ya nyuzi, kwa sababu mwenye kiwanda cha kusokota ndiye mnunuzi wa mwisho.

Ningefurahi kuona Chuo Kikuu cha Sokoine na vituo vya utafiti vya Selian na Uyole wakimpa mpika chapati nafasi ile ile ya msokota nyuzi. Na mkulima wa Hanang alipwe kwa protini, si kwa uzito peke yake, maana mara nyingi mavuno yakipanda protini inashuka, naye hawezi kubeba hasara hiyo kwa ajili yangu.

Binti nilimwomba radhi. Siku hizi kila kiroba kipya yeye ndiye anayeosha donge la kwanza, kisha anaandika kwa mkaa ubavuni: kali, ya kati, hafifu. Mtafiti akija na kilo mbili za unga wa mbegu mpya, sisi tunaanza kukanda saa kumi alfajiri.